Rangi Nyekundu Kwenye Mwembe: Dada Mbio wa Kashaulili na Balaa Alilozua Bila Kujua

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Kashaulili bado inajigeuza kitandani. Walioamka ni wakaanga chapati, abiria wa mabasi ya mbali wanaokokota mabegi, na dada mmoja mwenye raba za mtumba zilizochoka visigino. Ukikutana naye mara ya kwanza utadhani anafukuzwa. Kuna mlinzi mmoja wa duka, mzee wa watu, alishawahi kuungana naye hatua kama ishirini hivi, rungu juu, akiamini wanamkimbiza kibaka. Alipogundua hakuna kibaka wala nini, alisimama, akashika kiuno, akasonya, akarudi kwenye kiti chake.

Jina la dada liache. Mtaani wameshampa la kwao, Dada Mbio, na ameshalizoea. Ana miaka ishirini na kidogo, na kazi yake ni ya kibanda cha kuweka na kutoa pesa karibu na soko. Wanaoijua kazi hiyo wanajua ni ya kukaa. Unakaa asubuhi, unakaa mchana, unakula chipsi umekaa, unafunga hesabu umekaa. Mwaka juzi mama yake alianguka bafuni. Presha, halafu kiharusi, mkono wa kulia ukagoma mpaka leo. Daktari alipomaliza kuongea kuhusu mgonjwa aliwageukia watoto akawaambia na nyie mjiangalie, hii kitu hutembea kwenye familia. Kaka zake walitikisa vichwa wakaenda zao. Yeye wiki iliyofuata alikuwa uwanja wa Azimio anazunguka.

Raundi mbili za kwanza alitapika. Hilo huwa hawaonyeshi kwenye klipu.

Uwanja una raha yake, ila ukizunguka miezi mitatu sehemu ileile unaanza kujiona kama punda wa kusaga. Na simu nayo ina mambo yake: ukiangalia video moja ya mtu anakimbia, inakuletea mia. Ndo akaanza kuletewa Wafaransa. Watu wanakimbia vijijini huko, katikati ya mashamba ya alizeti na mizabibu, wanapanda milima, wanapita kwenye vijiji vya mawe ambavyo havina hata mtu dirishani. Akajua kuna mbio zinaanzia mji unaitwa Chamonix, kilomita 170 na ushee, mtu anauzunguka mlima Mont Blanc, anaingia Italia, anapita Uswisi, anarudi Ufaransa, wengine usiku kucha na taa kichwani. Kwa hesabu za Mpanda ni kama mtu aondoke stesheni akimbie na reli mpaka akaribie Kaliua. Kwa miguu. Kwa kupenda mwenyewe. Na halafu amelipa kiingilio.

Lakini kilichomkaa kichwani ni kitu kidogo sana. Kwenye njia zao kuna alama za rangi, mstari mweupe juu, mwekundu chini, zimepakwa kwenye mawe, kwenye miti, kwenye nguzo. Mgeni yeyote akizifuata hapotei. Hahitaji kuuliza, hahitaji bando. Anafuata rangi tu mpaka anafika. Akaipenda hiyo. Kumbuka hii rangi maana ndo itakuja kumtokea puani.

Akili yake ikamwambia: sasa na huku si kuna njia? Alizeti zipo. Vilima vipo. Vumbi ndo limezidi kidogo.

Akaanza kutoka nje ya uwanja. Njia ya kwanza ilikuwa ya reli, na wenye mji wao wanajua hiyo njia ina historia. Tawi lile la kutoka Kaliua, kilomita kama 210, lililetwa na Mwingereza mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi, sio kwa sababu ya kumpenda mtu. Mgodi ukafa, reli ikabaki, mji ukaizunguka. Pembeni yake kuna kijia kilichotengenezwa na miguu ya watu wenyewe, wa shamba, wa mkaa, wa shule, kinaelekea upande wa Katumba. Kijia kigumu, kimenyooka, hakina bodaboda. Kasoro yake ni kwamba hakina kivuli, ikifika saa mbili jua linakupiga bila huruma.

Ya pili ni ya kwenda Bwawa la Milala, upande wa Misunkumilo. Hii ndo tamu kwa macho, na ndo ya kuwa nayo makini, kwa sababu mle ndani mna viboko. Video za mjini zitakwambia kimbia alfajiri, hewa safi. Kwa Milala alfajiri ndo muda mbaya kuliko yote. Kiboko anakula majani usiku, asubuhi anarudi majini, na akikukuta umesimama kati yake na maji hana mazungumzo. Kwa hiyo ile njia anaipiga jua likiwa limeshatoka vizuri, na anaishia mbali, kwenye kichuguu. Kuna jamaa mmoja alijiunga nao siku moja akataka kusogea apige selfie. Aliambiwa mara moja. Mara ya pili hawakumwambia, walikimbia tu, na yeye alivyoona wenzake wamekimbia akawapita wote. Mpaka leo ndo rekodi yake ya kasi.

Kuelekea Sitalike hakimbii mtu mbali. Ni kilomita thelathini na zaidi, na ukishaikaribia hifadhi ya Katavi, ile yenye kilomita za mraba 4,471, mle kuna simba, nyati, na kuna mbung'o ambao kwa maudhi wanawashinda wote. Halafu mbung'o wanapenda nguo nyeusi na za bluu, yaani taiti karibu zote wanazouza mtumbani. Dada aligundua hilo kwa mgongo wake.

Ya nne ndo yenye kesi. Inatoka nyuma ya nyumba za mwisho, inapita shamba la karanga, inashuka kwenye kijito ambacho kiangazi kinakuwa mchanga mtupu, inapanda kwenye msitu wa miombo, inazunguka, inarudi mjini kwa upande mwingine. Kilomita nane na kitu kwa simu yake. Ukiipita mwezi wa tisa kuelekea wa kumi utasimama tu bila kuambiwa, kwa sababu miombo inatoa majani mapya kabla hata tone la mvua halijashuka, na yanatoka mekundu, ya shaba, ya kama divai, msitu mzima. Watu wanasafiri kwenda Ulaya kupiga picha majani yanayokufa. Huku yanazaliwa na rangi ileile na hakuna anayeposti. Mvua ikianza unakuta kina mama na ndoo za uyoga. Baadaye mikusu inadondosha matunda unaokota na kukimbia huku unakula.

Siku moja akakutana na vijana wa kuchunga, ng'ombe kama sitini wameziba njia. Akasimama. Mmoja akamwambia "mwangaluka," akaitikia, akapigiwa ng'ombe wakasogea. Tangu hapo wale vijana wakimuona kwa mbali wanafungua njia wenyewe kama msafara wa kiongozi.

Njia ilikuwa tamu lakini inapotea. Ina michepuko kibao ya wachoma mkaa na ya ng'ombe. Wakati huo alikuwa hakimbii peke yake tena. Alishapata bodaboda mmoja aliyekuwa anataka kupunguza kitambi, mwalimu wa kujitolea, na binti wa fomu foo aliyemaliza anasubiri matokeo. Walipotea mara mbili. Mara ya pili mwalimu alichelewa kipindi. Ndo dada akakumbuka Wafaransa wake.

Agosti mwaka 2025 akanunua kopo dogo la rangi nyekundu ya mafuta na kopo dogo la nyeupe, na brashi moja. Jumapili nzima akatembea njia yote akipaka: jiwe hapa, kisiki pale, nguzo ya uzio ule, mti ule. Mstari mweupe juu, mwekundu chini. Nyeupe ikaisha mapema, maana aliipaka kwa mbwembwe mwanzoni, kwa hiyo alama za mwisho, zile za kuingia mjini, zikawa nyekundu tupu. Akapiga video, akaweka muziki, akaandika kitu kama "Ufaransa ndogo ndani ya Mpanda." Ile video ilitembea. Watu wa Dar wakawa wanauliza hiyo ni Tanzania kweli? Kurasa za udaku zikamchukua. Kwa siku nne alikuwa staa.

Na Septemba ndo Alphonce Simbu akafanya yake Tokyo, dhahabu ya marathoni ya dunia, 2:09:48, amelingana na Mjerumani mpaka kwenye sekunde, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Sehemu tatu za mia! Hata kupepesa jicho ni ndefu zaidi. Baada ya pale watoto wa mtaani wakaacha kumuuliza dada nani anamfukuza. Wakawa wanamfuata wanapiga kelele "Simbu! Simbu!" Wazee wakaanza kumkumbushia Juma Ikangaa na New York ya 1989. Kwa ufupi mambo yalikuwa yamenyooka.

Sasa sikia.

Kwenye ile njia, nyumba ya pili kutoka mwisho, kuna bibi. Mjane, anaishi na wajukuu wawili. Mbele ya nyumba ana mwembe mkubwa, na chini ya mwembe alikuwa ameweka tofali za kuchoma, mia nane, alizozikusanya miaka mitatu kwa kuuza karanga na kwa vijisenti vya mwanae. Lengo lilikuwa chumba kimoja na choo kabla mvua za Novemba hazijaanza, kwa sababu chumba wanacholala wajukuu kina ukuta wa tope unaomeguka. Wala haikuwa siri. Mtaa mzima ulijua tofali za bibi.

Jumapili ile bibi alikuwa kanisani. Aliporudi akakuta mwembe wake una rangi nyekundu.

Kama umekulia nchi hii huhitaji kuelezwa rangi nyekundu inamaanisha nini. Nyekundu kwenye ukuta ni X, na X ni tingatinga. Kila mtu ana ndugu au anamjua mtu aliyepakwa. Bibi alikuwa na mdogo wake Kimara, Dar, ambaye mwaka 2017 bomoabomoa ya barabara ya Morogoro ilipita na nyumba yake. Anaikumbuka ile simu ya usiku, mdogo wake analia anasema walianza na rangi tu. Walikuja, wakapaka, wakaondoka, hawakusema kitu.

Bibi hakumuuliza mtu. Hapo ndo wengi wanamlaumu, eti angeuliza. Lakini mtu mwenye hofu ya miaka minane haulizi, anaokoa. Akatoka nje usiku akaangalia nguzo ya jirani, nayo nyekundu. Akaangalia jiwe la njia panda. Nyekundu. Akahesabu, akaona barabara inayokuja imenyooka inapita katikati ya chumba cha wajukuu. Unajenga nini sehemu itakayovunjwa? Ndani ya wiki akauza tofali zote mia nane kwa elfu hamsini. Elfu hamsini! Tofali moja kiwandani wakati huo si chini ya mia na ishirini. Aliyenunua ni jirani, mtu mzima, mwenye ujenzi wake unaendelea.

Na mwezi mzima dada alikuwa anapita pale kila Jumamosi na kundi lake. "Shikamoo bibi!" "Marahaba." Wanapita wanacheka. Bibi anawatazama.

Ilikuja kujulikana kizembe. Binti wa fomu foo alisimama kuomba maji ya kunywa. Bibi akampa, akamwambia kunywa mjukuu wangu, mwakani hutakuta nyumba hapa. Binti akauliza kwa nini. Bibi akanyoosha kidole kwenye mwembe.

Binti alirudi mjini kwa kukimbia kuliko siku zote.

Jioni ile dada alienda peke yake. Haijulikani waliongea nini mwanzoni, ila majirani wanasema bibi hakupiga kelele. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo ulikuwa unacheza?" Dada hakuwa na jibu. Kuna watu wangemjibu, wangesema sikujua, nilikuwa na nia njema, mbona hukuuliza. Yote ni kweli. Hakusema hata moja, akakaa chini kwenye vumbi akalia.

Kesi ikafika kwa mwenyekiti wa mtaa, maana kulikuwa na watu wengine wawili walioanza kuhangaika, mmoja alishatuma mtu kutafuta kiwanja kwingine. Kikao kilikuwa chini ya mti, watu kibao, simu zimenyanyuliwa. Wapo waliotaka apigwe faini. Wapo waliosema hayo ndo matatizo ya kuiga Wazungu. Mwalimu akasimama kumtetea, akaanza kueleza utalii, akaambiwa akae. Mwenyekiti akauliza kitu cha maana kuliko wote: ulimuomba nani ruhusa ya kupaka mti wa mtu? Na jibu ni hakuna. Alikuwa ameangalia zile video mara mia akaona rangi. Hakuwahi kujiuliza nani alikubaliana na nani mpaka rangi ikafika pale kwenye jiwe.

Halafu likaibuka la jirani. Aliyenunua tofali ana mtoto wa dada yake, na huyo mtoto ni nani? Yule yule jamaa wa selfie ya Milala. Alikimbia njia ile na kundi tangu wiki ya kwanza. Alikuwa anajua alama ni za nini. Watu wakageuka. Mjomba mtu akasema yeye hakuambiwa kitu, biashara ni biashara, bibi ndo alimfuata, na tofali zimeshaingia kwenye msingi. Kijana akaangalia chini. Kama alijua au hakujua, kila mtu Kashaulili ana jibu lake, na ukitaka ugomvi wa bure sokoni we chokoza hiyo mada. Ukweli ambao haupingiki ni kwamba tofali hazikurudi.

Dada alikuwa na kibubu. Laki na themanini, shilingi mbili elfu kwa tano elfu, za kwenda Moshi kukimbia nusu marathoni kwenye Kilimanjaro Marathon, ile iliyoanza 2003. Alishapiga hesabu ya nauli, kulala na kiingilio. Akakivunja. Akaenda kwenye tanuru akanunua mia nane, na hela ya mkokoteni haikutosha kuzimaliza.

Kwa hiyo zile wiki mbili za Oktoba kundi halikukimbia. Lilibeba. Bodaboda alifunga kreti nyuma akawa anapeleka thelathini thelathini akishusha abiria. Mwalimu alikuja na wanafunzi wawili, akaulizwa kama hiyo ni adhabu, akasema ni mazoezi. Vijana wa ng'ombe nao siku moja waliwaacha ng'ombe kwa mdogo wao wakaja kusaidia, bila kuulizwa chochote. Hata jamaa wa selfie alitokea siku ya tatu, hakuna aliyemsemesha, akabeba mpaka giza. Hakuna aliyepiga video. Zile kurasa za udaku zilishahamia kwenye penzi la mtu mwingine.

Chumba kilifika usawa wa linta mvua ya kwanza ilipopiga. Mwanae wa Dar akatuma bati. Choo bado.

Rangi nayo ina kiburi. Dada alipitia njia nzima na mafuta ya taa na tambara, akasugua mawe, akasugua nguzo, kwa wenye nguzo akaomba radhi nyumba hadi nyumba. Kwenye mawe imetoka. Kwenye mwembe imegoma, imeingia kwenye magamba ya gome, ukisugua sana unaumiza mti. Akamuomba bibi amruhusu apake chokaa juu yake. Bibi akakataa. Akasema imeshakaa, iache, ila usije ukaongeza nyingine.

Mama yake dada anaendelea vilevile, mkono bado, ila siku hizi anakaa mlangoni asubuhi kumsubiri na chai. Moshi ya Februari haikwenda. Kundi limefika watu tisa, na wakifika kwenye njia panda zenye utata hawapaki kitu, mmoja anabaki anasubiri wa nyuma mpaka wapite wote.

Wageni wanaokuja wenyewe bado wanapotea. Wakishapotea wanatokea kwenye mwembe, na pale chini, kwenye kigoda, kuna bibi anachambua karanga. Hata hawajauliza anawaonyesha kwa kisu kidogo: "Wenzenu wamepita kushoto. Kunyweni maji kwanza."